Baraza la Mji na Maneno ya Wenyeji Wake

Katika mazungumzo haya twapenda kueleza jambo ambalo watu wengi wa miji midogo ya Tanzania hulitazama kwa mbali, kama mtu asiyealikwa atazamavyo arusi ya jirani. Yaani namna lalamiko la mwenyeji linavyosafiri hata likawa uamuzi wa baraza la madiwani, na mahali linapopotea njiani. Kutoijua njia hii ni hasara kubwa, maana mara nyingi mtu mwenye haki hushindwa, na madiwani hawakumchukia hata kidogo, ila neno lake halikupata kuandikwa mahali pake.

Kwanza na tukumbuke ya kuwa mabaraza haya yaliwahi kuondolewa kabisa. Kati ya mwaka 1972 na 1973, katika mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, Serikali ilivunja halmashauri za wilaya na za miji, na kazi zao zikatiwa mikononi mwa maofisa wa Serikali Kuu. Nia ilikuwa kuwasogezea wananchi maendeleo, lakini miji iliumia. Mitaro iliziba, taka zikakaa siku nyingi, na kipindupindu kilipoingia nchini katika miaka hiyo ya 1970 ilidhihirika ya kuwa mji usio na watu wake wenyewe wa kuulizwa habari za jaa na mtaro ni mji ulio hatarini. Mwaka 1978 ilipitishwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria za serikali za mitaa zitumikazo mpaka leo pamoja na marekebisho mengi. Na mwaka 1984 mabaraza yakashika kazi upya nchini. Basi mtu asemaye ya kuwa baraza halina faida na awaulize wazee waliokaa mjini katika miaka ile ya katikati.

Baraza la halmashauri ya mji lina madiwani waliochaguliwa, mmoja kwa kila kata, na madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge wa mahali hapo. Mwenyekiti huchaguliwa na madiwani miongoni mwao. Mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais, ndiye katibu wa baraza. Yeye hutoa maelezo na kutekeleza, lakini hapigi kura. Mji ulio mdogo zaidi, usiopewa bado halmashauri yake, huwa na mamlaka ya mji mdogo chini ya halmashauri ya wilaya, na hapo neno la mwenyeji lina ngazi moja zaidi ya kupanda.

Na tuchukue mfano wa mtaro wa soko. Mvua za masika zimenyesha, mtaro umejaa maganda na mifuko, maji yameingia chini ya meza za wauza nyanya, na mama lishe wamehamisha majiko yao. Soko zima linanung'unika. Diwani akipita huambiwa, naye huitika kwa adabu, "Nimesikia, nitalifikisha." Wengi hapo hudhani ya kuwa neno limekwisha kufika. La, halijafika popote. Limo kichwani mwa diwani tu, na kichwa cha diwani kina mengi.

Njia yenyewe ni hii. Neno hutolewa katika mkutano wa mtaa, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mtendaji huliandika katika muhtasari. Muhtasari huo huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe na katibu wake ni ofisa mtendaji wa kata. Kutoka hapo jambo hupelekwa kwenye halmashauri, nako hutazamwa kwanza na kamati ya kudumu inayohusika, iwe ya fedha, au ya mazingira, au ya huduma za jamii. Kamati ya fedha hukutana kila mwezi, lakini baraza lenyewe sharti likutane walau mara moja katika kila miezi mitatu. Basi jambo lililokosa kikao kimoja laweza kungoja robo ya mwaka, na mvua haingoji.

Twasisitiza habari ya muhtasari, kwa sababu hapo ndipo malalamiko mengi hufa. Tumesoma mihtasari mingi isemayo, "Wananchi walilalamikia usafi wa soko." Sentensi hii haina kosa la lugha, lakini haina mkono wala mguu. Hakuna awezaye kuulizwa juu yake, maana haikusema nini kifanywe, wala nani akifanye, wala lini. Ilinganishe na hii: "Mkutano umeazimia mtaro ulio nyuma ya meza za nyanya uzibuliwe kabla ya mwisho wa Oktoba, na ofisa wa afya atoe taarifa katika kikao kijacho." Hii ya pili ni mzigo wenye kamba; mtu aweza kuushika. Kisha kikao kijacho kitakapofunguliwa na muhtasari uliopita kuthibitishwa, litafuata lile fungu liitwalo "yatokanayo". Wageni wa mabaraza huliona fungu hili kuwa la kuchosha, nao husinzia. Lakini kwa maoni yetu yatokanayo ndiyo meno ya baraza. Hapo ofisa husimama na kueleza kwa nini mtaro haukuzibuliwa, na jibu lake nalo huandikwa, naye huulizwa tena kikao kingine. Maofisa wengi waliovumilia hotuba kali za madiwani bila kufumba jicho wameshindwa kuvumilia kuulizwa swali lile lile mara tatu mfululizo.

Jambo la pili ni majira ya fedha. Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Makisio ya matumizi hutengenezwa miezi mingi kabla, kwa kuwa sharti yapite barazani, yapelekwe mkoani na Hazina, kisha yaingie katika mkutano wa Bunge unaoanza Aprili. Kwa hiyo mtaa utakao choo kipya cha shule ukiamka mwezi wa Mei umekwisha kuchelewa; majirani waliosema mwezi wa Oktoba wamo tayari katika daftari.

Tena yafaa kujua mambo ambayo baraza halinayo mikononi mwake, kwa maana watu hupoteza nguvu nyingi wakigonga mlango usio wake. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa chini ya halmashauri zimo chini ya Wakala uitwao TARURA. Maji ya mjini husimamiwa na mamlaka za maji. Kodi ya majengo nayo, iliyokuwa nguzo ya mapato ya miji, tangu mwaka 2021 hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU. Diwani aweza kuwaita maofisa wa vyombo hivyo waje waeleze, na ni vema awaite, ila baraza haliwaamuru kama liwaamuruvyo watumishi wake. Yaliyobaki mikononi mwake si haba: soko, stendi ya mabasi, machinjio, uzoaji wa taka, makaburi, zahanati, shule za msingi, na upimaji wa viwanja, ambao katika mji unaokua huleta ugomvi kuliko yote mengine.

Tukirudi sokoni, jambo linalowagusa watu mfukoni ni ushuru. Hapa pia mkono wa baraza una mipaka yake. Ushuru wa mazao, kwa mfano, ulipunguzwa kwa sheria mwaka 2017 kutoka asilimia 5 kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na halmashauri haiwezi kuupandisha kwa sababu tu sanduku lake ni tupu. Mwezi wa Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo, kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayakuzidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, ili wasisumbuliwe na watoza ushuru. Wamachinga walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia. Walakini halmashauri zilizoishi kwa ushuru wa meza zilipaswa kutafuta mahali pengine fedha za kufagia soko lile lile.

Ushuru mwingine wa soko, kama ada ya kibanda, hutozwa kwa sheria ndogo, nayo hutungwa na baraza. Lakini haiwi sheria siku ile madiwani wanapoinua mikono. Sharti kwanza kusudi la kuitunga litangazwe kwa wenyeji, ili mwenye pingamizi alitoe. Kisha ipate idhini ya Waziri anayehusika, na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Tangazo lile la kwanza hubandikwa ubaoni penye ofisi za halmashauri na za kata, mara nyingi kwa herufi ndogo, karibu na orodha za nafasi za kazi. Wenye vibanda wengi hulipita bila kulisoma, kisha hufunga maduka kwa hasira siku mtoza ushuru anapokuja na stakabadhi mpya. Siku za pingamizi zimekwisha kupita. Lau wangeandika barua moja kwa Mkurugenzi, yenye majina na sahihi zao, ikieleza mapato ya kibanda kwa siku na ada wanayoiona kuwa ya haki, barua hiyo ingewekwa mbele ya kamati pamoja na rasimu, na madiwani wangepaswa kuijibu kabla ya kupiga kura.