Msumari wa Mathe na Jengo la 1913

Ukutani kwa mathe, Kawangware, kuna msumari uliongoja picha yangu nikiwa na joho. Chuo niliacha. Juzi nikapanda mat ya 46 kutoka tao nikiwa na picha ya turubai: Nairobi Gallery, lile jengo la mawe pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway.

Lilijengwa 1913. Vizazi, ndoa na vifo viliandikishwa humo. Leo ni makumbusho, na ndani kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966.

Mathe akasikiza yote. "Na wenye digrii waliandikwa wapi?"

Nikakosa jibu. Akaitundika mwenyewe, kisha akagonga msumari mwingine kando yake.