Oscar aliyoipata kwa filamu anayotamani asingeitengeneza: Mstyslav Chernov ni nani?

Machi 2024, Mstyslav Chernov alipanda jukwaani kupokea Oscar ya filamu bora ya makala, ya kwanza kabisa kwa Ukraine. Badala ya kushangilia, akasema anatamani asingeitengeneza filamu hiyo.

Filamu yenyewe ni 20 Days in Mariupol.

Chernov, mzaliwa wa Kharkiv na mpiga video wa shirika la habari la AP, aliingia Mariupol na mpiga picha Evgeniy Maloletka usiku wa kuamkia Februari 24, 2022. Saa moja hivi baadaye, vita ikaanza. Waandishi wengine wa kimataifa waliondoka. Wao wakabaki, pamoja na mwenzao Vasilisa Stepanenko.

Kurekodi kulikuwa hatari, ila kutuma ndiyo ilikuwa kazi kwelikweli. Umeme ulikatika, mtandao ukapotea. Kuna kipindi walikuwa wakijibanza chini ya ngazi, nje ya duka lililoporwa, kwa sababu ndipo simu iliposhika.

Machi 9, hospitali ya uzazi ikapigwa bomu. Ili video ifike haraka, waliikata vipande vitatu na kuvituma kwa simu tofauti. Hata hivyo ilichukua masaa. Kama umewahi kutuma video kwa mtandao wa kusuasua unajua hasira yake, sasa ongeza na mabomu.

Dunia ilishtuka. Urusi nayo ikadai ni maigizo, na ubalozi wake London ukasema mjamzito aliyeonekana pichani ni mwigizaji. Chernov na wenzake wakaenda hospitali nyingine kuwatafuta akina mama wale. Mmoja alikuwa amejifungua salama. Mwingine, yule aliyebebwa kwenye machela, alifariki pamoja na mtoto wake.

Hapo ndipo filamu inapokuwa na kazi ambayo taarifa ya habari haiwezi. Kati ya masaa kama 30 aliyorekodi, zilizotoka wakati mji umezingirwa ni dakika kama 40 tu. Kwenye TV uliona sekunde chache. Kwenye filamu unaona kilichotangulia na kilichofuata: daktari anahangaika, mzazi analia, kamera haizimwi. Ukishaona yote hayo, neno "maigizo" linakosa pa kusimama.

Walitoka Mariupol Machi 15. Polisi mmoja aliwaonya kwamba wakikamatwa watalazimishwa kusema mbele ya kamera kuwa kila walichorekodi ni uongo.

Mwaka 2025 Chernov alirudi na 2000 Meters to Andriivka, akiwafuata wanajeshi wa Ukraine wakipambana kilomita mbili ndani ya kijisitu chembamba kukikomboa kijiji kimoja karibu na Bakhmut. Picha nyingi ni za kamera za kwenye kofia zao. Walifika, wakakuta vifusi. Baadaye Urusi ikakichukua tena.