Kuoza kwa Miti: Jeraha la Panga Ndilo Mlango wa Kuvu

Katika nchi ya Meru na Embu, chini ya Mlima Kenya, ni shida kuona shamba lisilo na miti. Mipakani husimama migrivilea, ambayo wenyeji huiita mukima au mubariti. Katikati mna kahawa, na huko juu karibu na msitu mna chai. Asili ya mgrivilea ni Australia ya mashariki, nao uliletwa Afrika ya Mashariki uwe kivuli cha kahawa na chai. Siku hizi mti huo ni kuni, ni boriti, ni mbao, na kwa watu wengi ni akiba ya kulipia karo za watoto.

Lakini akiba hiyo yaweza kuliwa pasipo mwenyewe kujua. Mtu huutunza mti wake miaka 20, kisha humwita fundi wa msumeno. Mti ukiisha kuanguka, kiini chake huonekana kimegeuka rangi ya kahawia, nacho chamong'onyoka mkononi kama mkate mkavu. Mnunuzi hutikisa kichwa, akatoa bei ya kuni badala ya bei ya mbao. Wengi hulaumu mchwa. Kweli mchwa huharibu, ila mara nyingi hufika nyuma, wakati mti umekwisha kulainika. Aliyetangulia ni kuvu, na aliyemfungulia mlango ni mwenye shamba kwa panga lake.

KUVU NI KITU GANI?

Uyoga ule mgumu uotao ubavuni mwa shina kama rafu si kuvu yote. Huo ni kama tunda tu. Mwili wa kuvu ni nyuzi nyembamba mno zipitazo ndani ya mti na kuula polepole. Vumbi litokalo katika uyoga ndilo mbegu yake, nalo huchukuliwa na upepo na matone ya mvua. Likianguka juu ya gome zima, haliwezi kitu. Likianguka penye jeraha bichi, huota. Basi mtu akiona uyoga shinani, ajue ya kuwa adui amekaa ndani siku nyingi. Kuung'oa uyoga hakuponyi mti, kama vile kuchuma embe hakuondoi mwembe.

MTI HAUPONI KAMA MTU

Katika Marekani alikuwako mtaalamu wa Idara ya Misitu, jina lake Alex Shigo, ambaye kwa miaka mingi alipasua miti kwa msumeno toka juu hata chini ili aone jinsi uozo unavyotembea. Mwaka 1977 kilichapwa kijitabu kilichoeleza mambo aliyoyaona. Mtu akijikata, nyama mpya hujaza mahali pa ile iliyoharibika. Mti hauwezi hivyo. Sehemu iliyojeruhiwa hubaki na jeraha lake maisha yote. Lifanywalo na mti ni kujenga kuta ndani yake, kulizunguka jeraha ili uozo usipite, kisha kuota mbao mpya kwa nje. Kuta zikisimama imara, uozo hufungwa kama mfungwa gerezani, na mti huendelea kunenepa. Kuta zikivunjwa, uozo hutembea.

Tazama mahali tawi linapotoka katika shina. Utaona uvimbe mdogo kama pete. Ndani ya pete hiyo ndimo mti unamojenga ukuta wake ulio imara. Hilo ndilo jambo kubwa la kukumbuka katika kazi yote ya kupogoa.

NAMNA YA KUKATA TAWI

Makosa ni mawili. La kwanza ni kukata tawi mbali na shina na kuacha kipande. Wengine hukiacha makusudi, kiwe ngazi ya kupandia mwaka ujao. Kipande hicho hufa, huoza, na uozo hushuka mpaka shinani. Kosa la pili ni kukata sawasawa na shina hata pete ile ikaondolewa. Hapo mti umenyang'anywa ukuta wake, na jeraha limekuwa kubwa zaidi. Mahali pafaapo ni nje kidogo ya pete.

Tawi zito lisikatwe kwa pigo moja, maana likianguka hurarua gome la shina. Kwanza likatwe kidogo kwa chini, mbali na shina. Kisha likatwe kwa juu, mbele kidogo ya pale, lianguke. Mwisho kipande kilichobaki kiondolewe penye pete. Msumeno mkali ni bora kuliko panga, kwa kuwa panga huacha nyufa. Tena ni heri kuondoa matawi yangali membamba, kwani jeraha dogo hufunikwa upesi. Wala haifai kuupokonya mti majani yake yote. Yafaa kuacha angalau theluthi moja ya juu, kwani majani ndiyo yanayoupatia mti chakula. Kazi hiyo ifanywe wakati wa ukavu, Januari au Februari, kabla ya mvua kubwa.

Methali husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mti sivyo. Mtu asipake udongo, wala lami, wala saruji juu ya jeraha. Vitu hivyo hufunika unyevu ndani, na kuvu hupenda unyevu. Mti uachwe ujenge ukuta wake wenyewe.

Sehemu zilizo kavu zaidi, kama huko Mbeere, zahitaji uangalifu mkubwa. Huko mgrivilea hupatwa na ugonjwa wa gome: shina hupasuka, hutoa gundi, na ncha hukauka kutoka juu kwenda chini. Wataalamu wameona ya kuwa ugonjwa huo wa kuvu huzidi mahali penye ukame, maana mti wenye kiu hauna nguvu ya kujikinga. Tawi lenye ugonjwa likatwe na kuchomwa, na msumeno upanguswe kwa spiriti kabla ya kugusa mti mzima.

ADUI ALIYE CHINI YA ARDHI

Iko kuvu nyingine, iitwayo Armillaria, ambayo haingojei panga. Hiyo hukaa katika visiki na mizizi ya miti iliyokatwa, kisha hupita kwa mizizi inayogusana hata ikaua kahawa, chai na miti ya matunda. Mche hunyauka, majani hugeuka manjano, na gome la chini likibanduliwa huonekana utando mweupe wenye harufu ya uyoga.

Dawa yake iligunduliwa Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, katika miaka ya 1930 na mtaalamu aitwaye R. Leach. Mti utakaoondolewa shambani usikatwe mara moja. Kwanza gome libanduliwe kuuzunguka shina lote, kisha mti uachwe mpaka ufe. Chakula kitokacho katika majani hushuka kwa njia ya gome. Njia ikikatwa, mizizi hutumia akiba yake mpaka ikaisha, na Armillaria haikuti cha kula. Baadaye mti hukatwa, na kisiki na mizizi hung'olewa. Kazi hiyo huchukua mwaka mmoja au zaidi, lakini mkulima aliyeharakisha aweza kupoteza michai yake mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi.

Basi kabla ya kuinua panga, kila mwenye shamba na autazame mti wake na kuitafuta pete ile. Kuitafuta ni kazi ya dakika moja. Kuingojea mbao ni kazi ya miaka 20.