Mhudumu Anapokuuliza Majina ya Wapenzi Wako

Je, msomaji, unaweza kumtajia mtu mliyekutana dakika kumi zilizopita majina ya wote uliolala nao mwaka huu? Katika vituo vya afya vya Homa Bay na Migori, swali hilo ni la kawaida. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika Homa Bay alikuwa na virusi vya Ukimwi, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Anayepatikana na virusi huombwa asaidie kuwafikia wenzi wake ili nao wapimwe na waanze dawa mapema. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huu mwaka 2016.

Kazi yenyewe ni ya upelelezi, lakini mhudumu akijifanya polisi atapewa majina ya uongo. Swali baya kuliko yote ni "Nani alikuambukiza?" Mara nyingi hakuna ajuaye jibu, tena linamgeuza mgonjwa kuwa mshtaki au mshtakiwa. Mhudumu mwerevu huuliza, "Ni nani ungependa naye ajue hali yake mapema?"

Chukua mama anayeuza samaki ufuoni Mbita au Muhuru Bay. Wako wavuvi wasiompa mwanamke samaki ila kwa sharti la kitanda, uhusiano unaoitwa jaboya. Mwulize waziwazi kuhusu jaboya na atakana, maana neno lenyewe lina aibu. Mwulize kuhusu kazi yake, kwa lugha yake: huamka saa ngapi, mashua hufika lini, samaki wakiadimika hufanyaje. Majina huanza kujitokeza yenyewe. Kijana anayemhoji mtu wa rika la mamake aombe ruhusa kwanza, au ampishe mhudumu wa kike aliye mtu mzima. Aweke kalamu chini. Avumilie kimya pia, jambo ambalo sisi madaktari hutushinda. Hupenda kukijaza kwa mawaidha.

Ukihojiwa wewe, kumbuka sheria ya Ukimwi ya mwaka 2006 inalinda siri yako, na kutaja majina ni hiari. Uliza majina yataandikwa wapi na nani atayasoma. Unaweza kumweleza mwenzio mwenyewe, mkamweleza pamoja na mhudumu, au mhudumu akamtafuta bila kukutaja. Kusema kweli, mwenzi asiye na mwingine ila wewe atakisia. Kwa hiyo, ikiwa mwenzio hukupiga au hukutisha, sema kabla ya kutoa jina lake, hata kama hukuulizwa. Haifai atafutwe kabla usalama wako haujapangwa.

Na ikiwa leo huwezi kutaja mtu, chukua dawa zako uende nyumbani. Mazungumzo hayo yanaweza kuendelea utakaporudi kliniki.