GARI LA MTUMBA NA MWITO USIOFIKA GARSEN

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Gari lililoingia nyumbani kwetu Garsen mwaka juzi halikuwa jipya hata kidogo. Lilikuwa gari la mtumba lililoundwa Japani mwaka 2010, na kabla ya kufika kwetu lilikuwa limeshapita mikononi mwa mtu mwingine huko Mombasa. Lakini kwetu sisi lilikuwa jipya. Lina viti vinane na mlango wa kuteleza ubavuni. Siku ami alipolileta, watoto wa mtaa walilizunguka kama siafu. Nyanya alilipapasa kwa kiganja chake, akasema, "Mungu mkubwa! Sasa miguu yangu itapumzika."

Tangu siku hiyo kiti cha mbele, kando ya dereva, kikawa cha nyanya. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Kila mwezi ami alimpeleka kliniki Malindi, safari ya zaidi ya kilomita mia moja, naye nyanya alikaa pale mbele akiwapungia mkono watu wa Minjila kama mheshimiwa.

Mpenzi msomaji, nakuandikia makala haya kwa sababu ya kiti hicho, na kwa sababu ya taa moja ndogo nyekundu.

TAA ILIYOFUNIKWA

Siku moja ya likizo nilikuwa nikiosha gari ndani. Katika dashibodi niliona kipande cha utepe mweusi, kile cha mafundi wa umeme. Nikakibandua. Nilipofungua ufunguo, ikawaka taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyeketi, na mbele yake duara kama mpira. Haikuzimika.

"Ami, hii taa ni ya nini?"

"Aa, wacha hiyo. Aliyeniuzia aliniambia inasumbua tu."

Tulipopita Minjila tukamwuliza fundi. Fundi akacheka. "Kijana, gari si lawaka? Breki si ziko? Hiyo ni taa ya eabegi tu. Kama yawakera macho nitawatolea balbu kabisa."

Eabegi ndiyo mfuko wa hewa. Umekunjwa ndani ya usukani, na mwingine ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari likigongana kwa kishindo, kifaa maalumu hutambua, kemikali iliyo ndani ya kopo la chuma huwaka na kutoa gesi, na mfuko hufura kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hapo kichwa cha mtu hukutana na mto badala ya chuma. Taa ile nyekundu ikikataa kuzimika, maana yake ni kwamba mtambo huo una hitilafu, na huenda mfuko usifunguke siku ya ajali.

Msomaji anayeijua barabara yetu ya Malindi haoni hilo kuwa jambo dogo. Ng'ombe huvuka, punda huvuka, na usiku macho ya dereva hudanganywa na giza. Nikamweleza mwalimu mlezi wa chama chetu. Mwalimu akanipa kazi: "Ninakilie nambari ya chasisi ya gari hilo." Nikainakili kwenye karatasi ya daftari. Akaiingiza kwa simu yake katika tovuti ya watengenezaji huko Japani, kisha simu ikamtafsiria Kijapani. Tulikuwa tunatafuta habari za taa, lakini tukapata jambo zito zaidi. Gari letu lilikuwa limeitwa kiwandani kwa ajili ya mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, na marekebisho hayakuwa yamefanywa.

Abiria wa mbele ni nyanya.

MWITO WA KUREJESHA GARI NI NINI?

Chamani tulijadiliana jambo hili tuliitaje kwa Kiswahili, tukakubaliana na "mwito wa kurejesha gari". Maana yake ni kwamba watengenezaji wamegundua kasoro ya hatari, nao wanawaita wenye magari ya aina hiyo wayarejeshe kwa mawakala yakatengenezwe bure.

Huko Marekani sheria ya usalama wa magari ilipitishwa mwaka 1966. Mwananchi yeyote anaweza kupeleka malalamiko yake kwa idara ya usalama barabarani. Lalamiko moja ni tone tu, lakini haba na haba hujaza kibaba. Malalamiko ya namna moja yakizidi, idara huchunguza, na kasoro ikithibitishwa kampuni hulazimika kuwaandikia barua wenye magari na kuyatengeneza bila malipo. Magari ya familia kama letu hayakusazwa. Mwaka 2016 kampuni ya Toyota iliita takriban magari 744,000 aina ya Sienna nchini Marekani, kwa kuwa mlango wa kuteleza ungeweza kufunguka gari likiwa mwendoni. Fikiria mtoto aliyeegemea mlango huo!

BALAA LA MIFUKO YA HEWA

Mwito mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni ule wa mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Honda ndiyo iliyoanza kuita magari mwaka 2008, kisha wakafuata Toyota, Nissan, Mazda, BMW, Ford na wengineo. Marekani peke yake iliita mifuko kama milioni 67, na duniani kote idadi yake ni kama milioni mia moja. Watu zaidi ya ishirini wamekufa Marekani kwa kasoro hiyo, na mwezi Juni mwaka 2017 kampuni ya Takata ikafilisika.

Kasoro yenyewe ilikuwa nini? Kemikali waliyoitumia ni nitrati ya amonia, ambayo hutumika pia katika mbolea. Kemikali hii hunyonya unyevu. Ikikaa miaka mingi mahali penye joto na unyevunyevu, ikipata moto mchana na kupoa usiku, huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, na lile kopo la chuma hupasuka. Badala ya mto, abiria hurushiwa vipande vya chuma usoni na shingoni. Tena hata ajali ndogo ambayo mtu angeshuka akijikung'uta vumbi inaweza kumwua.

Ndiyo sababu Wamarekani walitanguliza sehemu zenye joto na unyevu kama vile Florida, Hawaii na Puerto Rico. Malaysia pia, ambako hali ya hewa ni ya fukuto, kumetokea vifo. Sasa, msomaji wa Garsen, hebu chungulia nje ya dirisha. Jua letu unalijua. Unyevu wa delta ya mto Tana unaujua, maana hata chumvi yetu jikoni huloa. Kama kuna mahali ambapo mifuko hiyo haifai kuzeekea, basi ni hapa kwetu.

KWA NINI MWITO HAUTUFIKII?

Barua ya mwito hupelekwa kwa mtu ambaye jina lake limo katika daftari la usajili la nchi ile. Huko Japani serikali iliongeza ukali: tangu mwaka 2018, gari lenye mifuko ya Takata iliyo hatari zaidi na ambayo haijabadilishwa halipiti ukaguzi wao. Lakini gari likishafutwa katika daftari la Japani na kupakiwa melini, uzi unakatika. Kiwanda hakimjui ami yangu. Jina lake liko katika logibuku ya Kenya, si katika vitabu vya Japani.

Magari mengi yanayoingia Kenya ni ya mtumba, na mengi hutoka Japani. Sheria yetu inataka gari linaloingizwa liwe halijazidi miaka minane, nalo hukaguliwa huko linakotoka kabla ya kupakiwa. Huo ni utaratibu mzuri. Lakini gari likishaingia huuzwa na kuuzwa tena, likatoka Mombasa hadi Malindi, Malindi hadi Garsen, Garsen hadi Hola. Miaka inakwenda na kemikali inazeeka. Mwito nao unaweza kutolewa wakati gari limeshakuwa huku kwetu, na barua ikaenda kubisha mlango wa Mjapani aliyelisahau zamani. Kwa hiyo mwenye gari la mtumba asingoje kuitwa. Aulize mwenyewe.

BARUA RASMI SI YA MTIHANI TU

Nilipomweleza ami, alinikemea. "Gari limetoka Japani zima, wewe na simu ya mwalimu mwaniambia bovu? Na huyo Mjapani atakuja Garsen?" Lakini usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alimwambia nyanya akae kiti cha nyuma.

Nyanya alisimama kando ya mlango na mkongojo wake. "Kwani nimekosa nini, mwanangu, hata niwekwe nyuma kama kikapu cha maembe?" Ami akakosa la kusema. Nikamweleza mimi, polepole, habari za kopo na vipande vya chuma. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na wenzangu wanaokaa mbele katika magari mengine, wao wameambiwa?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike barua. Darasani tunafundishwa barua rasmi kila mwaka: anwani mbili, tarehe, mtajo, mada, mwili, hitimisho. Nilidhani ni ya mtihani tu. Nikamwandikia wakala wa magari ya aina hiyo. Nakala ya kwanza mwalimu aliijaza wino mwekundu. Nilikuwa nimeandika "nyinyi ni wauaji". Akalikata neno hilo, na pambizoni akaandika: "Toa ushahidi, si matusi." Nikaandika upya. Nikataja nambari ya chasisi, mwaka wa gari, kifaa kilichoitwa na tarehe tuliyoiona habari hiyo. Ami akatia sahihi.

Jibu la kwanza lilikuwa la mistari miwili: gari hilo hatukuliuza sisi. Tukaandika tena. Safari hii tulikitaja Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kinachompa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, kupewa habari anazohitaji, na kulindwa afya na usalama wake. Tukasema wazi kwamba hatuwalaumu kwa kuuza, ila tunaomba watusaidie kutekeleza mwito wa kiwanda. Wiki tatu baadaye simu ya ami ikalia. Gari lipelekwe likaguliwe. Likapelekwa. Mwito ukathibitishwa, kifaa kikaagizwa, na ami akaambiwa kuwa kiti kile cha mbele kisikaliwe na mtu mpaka kifike.

NAWE UFANYE NINI?

Kama nyumbani kwenu kuna gari la mtumba, haya hapa usiyapuuze.

Kwanza, nakili nambari ya chasisi. Imo katika logibuku na pia kwenye kibati kilichopigiliwa garini. Magari yaliyouzwa Japani huwa na herufi na tarakimu, kistari katikati, kisha tarakimu nyingine. Usiruke hata moja. Itafute katika tovuti ya watengenezaji wa nchi gari lilikotoka.

Pili, fungua ufunguo uitazame taa ya mfuko wa hewa. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izimike. Ikikataa kuzimika, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeitoa balbu. Lakini kumbuka kwamba taa na mwito ni mambo mawili. Gari linaweza kuwa na mwito na taa isiseme neno.

Tatu, usimruhusu fundi wa kando ya barabara kuufungua mfuko wa hewa. Mna kemikali inayolipuka humo.

Nne, kagua mlango wa kuteleza kama unashika barabara, na kila abiria, hata wa nyuma, afunge mkanda. Mfuko wa hewa ni msaidizi wa mkanda. Hauchukui mahali pake.

Tano, andika barua na uweke nakala. Ukikosa msaada kwa wakala, wapo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA).

Sita, ukitaka kuuza gari lenye taa iliyofunikwa, mwambie mnunuzi. Utepe mweusi ni wa shilingi chache, lakini roho ya mtu haina duka.

Naomba nitie nanga hapa. Ninapoandika makala haya kifaa bado hakijafika, na kiti cha mbele ki tupu. Ami ameweka juu yake kikapu ili mtu asisahau akakaa. Nyanya sasa hukaa safu ya pili, mkanda kifuani, karibu na mlango wa kuteleza. Wiki iliyopita tulipofika Minjila tulimkuta rafiki yake ameketi mbele katika gari lingine. Nyanya aliteremsha kioo akamwita kwa sauti: "We bibi! Umewauliza hao kama gari lao limeitwa?"