Njia ya Mwanga Ndani ya Silikoni

Paukwa! Pakawa!

Wanangu wa Mashuuru, mto ukikauka malori huja kuzoa mchanga wa kujengea. Ndani ya mchanga huo mna silikoni, imeshikamana na oksijeni. Kule Kitengela, mafundi wa Kitengela Hot Glass huyeyusha vioo vilivyotupwa na kuvipuliza upya, na kioo nacho asili yake ni mchanga. Ya leo ni hadithi ya silikoni inayobeba mwanga.

Mwanga una chembe zake, nazo huitwa fotoni. Kampuni ya PsiQuantum ya Marekani inajenga kompyuta ya kwanta itakayopiga hesabu kwa fotoni mojamoja. Chipu zake hutengenezwa na kiwanda cha GlobalFoundries, mjini Malta, jimbo la New York. Mwaka 2025 ilitangaza chipu iitwayo Omega.

Hutengenezwaje? Mchanga wa mtoni una uchafu mwingi, kwa hiyo kazi huanza na jiwe safi la kwatzi. Huchomwa pamoja na kaboni kwenye tanuri kali hadi oksijeni imwachie mwenzake. Silikoni husafishwa tena na tena, hukuzwa kuwa fuwele moja ndefu, kisha hukatwa visahani vyembamba vyenye kipenyo cha milimita 300. Kisahani hupakwa dawa inayobadilika ikimulikwa. Humulikwa kupitia mchoro, huoshwa, na gesi kali huchimba palipobaki wazi, nacho kinachosalia kimesimama ndicho njia ya fotoni. Tazameni ajabu hii: mwanga ndio unaochora njia ya mwanga!

Njia moja ina upana wa takriban nusu ya mikromita. Njia 2,000 zikibanana ubavu kwa ubavu hujaza milimita moja tu. Fotoni huifuata njia yake kama ng'ombe wanavyofuata njia ya kisimani. Ila njia mbili zikikaribiana sana, fotoni moja huweza kuwa katika zote mbili kwa pamoja mpaka ipimwe, na hilo ng'ombe hawezi. Juu ya hali hiyo ndipo hesabu za kwanta hujengwa.

Basi kuta za njia zikiwa na mikwaruzo, hata midogo kiasi gani, fotoni huweza kutawanyika na hesabu kuharibika. Ndiyo maana, ili vumbi lisiziharibu kuta hizo, mafundi huvaa mavazi ya kuwafunika mwili mzima, na hewa ya chumba huchujwa vumbi usiku na mchana. Mwishoni mwa safari, fotoni hupokewa na nyaya zilizopozwa hadi karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Kazi hii ya uvumilivu naiheshimu mno.

Vyumba vya aina hiyo vipo hata kwetu Kenya. Ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies Limited. Hakiundi kompyuta za kwanta. Lakini anayetaka kujua silikoni inavyochongwa bila vumbi, aanze kuulizia huko, na fizikia asiiache.