Chanjo kwa binti, kipimo kwa mama: saratani ya mlango wa kizazi inavyozuilika

Kwa mama wa Turiani anayewahi palizi ya miwa alfajiri, kwenda kituo cha afya wakati haumwi popote ni kupoteza siku. Saratani ya mlango wa kizazi hupata mwanya hapo, kwa kuwa mwanzoni haiumi. Ikishasambaa, mara nyingi safari huwa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, na nauli ya watu wawili.

Chanzo chake ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Wengi huvipata na mwili huviondoa wenyewe, aghalabu ndani ya miaka 2. Vikikaa, seli huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa ni miaka 5 hadi 10.

Tanzania ilianza chanjo nchi nzima Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi 2. Tangu 2024 ni dozi 1, kwa wenye miaka 9 hadi 14, bila malipo. Wazazi huuliza: mtoto wa miaka 9 anahusianaje na mambo hayo? Hahusiani, na ndiyo maana anachanjwa sasa. Chanjo huzuia, haitibu. Na ule uvumi wa ugumba hauna msingi: chanjo haina virusi hai. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe.

Je, binti wa miaka 20 ambaye hakuchanjwa? Huyu husahaulika. Uchunguzi wa kawaida huanzia miaka 30, kwa sababu mabadiliko mengi ya ujanani hupona yenyewe. Mwenye VVU asingoje. Shirika la Afya Duniani linashauri aanze akiwa na miaka 25. Na wa umri wowote anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au uchafu wenye harufu mbaya, aende hospitali mara moja.

Kipimo chenyewe ni rahisi kuliko kinavyoogopwa. Mhudumu hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama kuna sehemu iliyogeuka nyeupe. Majibu hutolewa papo hapo. Penye mabadiliko ya awali, huweza kutibiwa kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, bila kulazwa. Aliyechanjwa naye apimwe akifika umri, maana chanjo haizuii aina zote za virusi. Mwende siku ambayo hamko hedhini.